Waifai ya "jiji zima" imekufa, umeme wa LUKU umeisha, intaneti ya faiba haijalipiwa. Halmashauri mtujibu!

Wakuu salaam. Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa bei za bando. Hili ni jambo jingine na nataka lisomwe peke yake.

Mwaka juzi hapa jijini kwetu tuliitwa stendi kuu. Maturubai, ngoma, matarumbeta, viongozi wanapokezana kipaza sauti, utepe ukakatwa. Tukaahidiwa intaneti ya bure jiji zima: stendi, sokoni, bustanini, hospitali, sekondari zote za kata, mpaka kule pembezoni ambako hata daladala haifiki mvua ikinyesha. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Nina stationari hatua chache kutoka pale, na kila msimu wa maombi ya vyuo naona watoto wanavyohangaika.

Yakafungwa maboksi matatu ya kurusha waifai. Matatu, wakuu, kwa jiji zima.

La stendi lilifanya kazi vizuri kama miezi sita, sitasema uongo. Jioni unawakuta vijana wamejipanga kwenye ukingo wa mtaro, wanne wamezunguka simu moja, huyu anaomba mkopo wa Bodi, yule anapakia cheti cha kuzaliwa, mwingine anasoma matangazo ya ajira. Mama mmoja muuza uji akahamishia meza yake pale pale. Halafu siku moja taa ya kijani ikazimika.

Nilidhani umeme umekatika. Wiki ya pili nikamuuliza mlinzi wa choo cha stendi, maana mita ya lile boksi imefungwa ukutani kwake. Akafungua kimlango, akaminya kitufe: 0.00. Uniti zimeisha! Mradi uliozinduliwa na msafara wa magari umezimika kwa kukosa LUKU. Tukachanga elfu kumi, mimi na wenzangu wawili, mlinzi akaingiza tarakimu zile ishirini, taa zikawaka. Vijana wakashangilia. Simu zikashika waifai, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka.

Nikafunga duka, nikaenda ofisi za halmashauri. Nikazungushwa milango mitatu hadi kwa kijana wa TEHAMA, ambaye angalau alinipa ukweli: laini ya faiba ililipiwa miezi sita ya mwanzo tu. Baada ya hapo hakuna kifungu kwenye bajeti. Mafundi hawana mkataba. Namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo ni ya mtu aliyekwishahamishwa.

Yaani mlikaa vikao, mkalipana posho, mkanunua maboksi, mkakodi maturubai, na hakuna hata mmoja aliyeuliza miezi sita ikiisha atalipa nani?

Msituambie intaneti ni ghali kwa sababu iko mbali. Nyaya za baharini zilishafika Dar, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa, yaani mtandao wa faiba wa serikali, unaleta mawasiliano mpaka mikoani. Boksi la kwenye nguzo ni kitu kidogo sana katika mradi wa namna hii. Gharama inayokula ni ile ya kila mwezi: kipimo data (ukubwa wa laini ya intaneti), umeme, fundi wa kupanda nguzo radi ikipiga. Hiyo ndiyo mliyoikimbia.

Na hilo neno "jiji zima" lilikuwa la kutudanganya tangu mwanzo. Boksi la nje linafika makumi ya mita, labda mia pakiwa wazi. Likikutana na ukuta wa tofali na paa la bati, limekwisha. Tena simu inatakiwa ijibu, na nguvu yake ni ndogo kuliko ya boksi, ndiyo maana unaona vistari vimejaa lakini hakifunguki kitu. Fundi yeyote angewaambia mkimuuliza.

Wenzetu walishaumwa na nyoka huyu. Philadelphia, Marekani, mwaka 2004 meya John Street alitangaza kulifunika jiji lote, maili za mraba 135. Kampuni ya EarthLink ikakubali kujenga kwa fedha zake, kwa kufunga vifaa kwenye nguzo za taa za barabarani, irudishe gharama kwa kuuza huduma kama dola 20 kwa mwezi. Mawimbi hayakupenya vizuri kwenye kuta za matofali, vifaa vikahitajika vingi kuliko walivyopiga hesabu, wateja hawakufika idadi iliyotarajiwa. Mei 2008 kampuni ikatangaza inajitoa. Na lile ni jiji la nchi tajiri! Tshwane, Afrika Kusini, walianza mwaka 2013 kwa njia nyingine: jiji likaweka fedha zake, likawapa kazi Project Isizwe, shirika lisilo la faida, wakaanza na maeneo machache wanakokusanyika watu, kama vyuo na uwanja wa katikati ya jiji wa Church Square, kila kifaa kikapewa MB 250 kwa siku. MB 250 zinatosha kabisa kujaza fomu ya chuo.

Hilo ndilo ninalolidai. Sihitaji jiji zima. Nataka stendi, maktaba na bustani, zifanye kazi leo na zifanye kazi mwakani. Wekeni kifungu cha uendeshaji kwenye mapato ya ndani. Ushuru wa stendi tunalipa kila siku na risiti ninazo. Bandikeni mkataba kwenye ubao wa matangazo tujue mkandarasi alitakiwa kuhudumia mpaka lini. Na kwenye ile nguzo wekeni namba ya mtu anayepokea simu. Madiwani mliomo humu, nawaomba mjibu hapa hapa bila kuniita pembeni.

Jana jioni binti mmoja wa kidato cha sita alikaa chini ya lile boksi zaidi ya saa nzima, simu ameinua juu, hajui kwamba limekufa. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa. Nilimwita dukani, nikamwashia hotspot ya simu yangu, akamaliza saa tatu usiku. Leo wamekuja saba.