Nani atalipia vipimo vya Ziwa Victoria miradi ikiisha?

Mfugaji wa sato, Igombe (Mwanza):
Ndugu zangu, sisi wenye vizimba tunahitaji kujua oksijeni na joto la maji ya leo, kwa kuwa upepo mkali unaposukuma maji ya juu, yale ya chini yenye hewa haba hupanda na yanaweza kuua samaki kwa usiku mmoja. Maboya ya vipimo hutoa taarifa hizo papo kwa papo, lakini mara nyingi vifaa hivi huletwa na miradi yenye tarehe ya kufungwa. Tufanyeje ili kazi hii ipate fedha ya kudumu ya umma?

Nahodha mstaafu, Kirumba:
Ndugu mfugaji, wengi hukumbuka MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018, vyombo vilivyozama kwa kuzidiwa na mzigo. Wavuvi wa dagaa hupotea wachache wachache, bila kutangazwa, kwa sababu usiku, wakiwa kazini, ndipo pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa na kuzaa dhoruba. Mradi wa hali ya hewa wa HIGHWAY, uliogharimiwa na Uingereza kuanzia 2017, uliboresha utabiri wa dhoruba kwa wavuvi hao. Uhai wa mvuvi usitegemee hisani ya mfadhili.

Mhasibu, Ilemela:
Kununua boya ni fedha ya maendeleo, na hiyo haikosi mtu wa kuitetea, maana boya huzinduliwa. Kinachokosa mtetezi ni matumizi ya kawaida: betri, kusugua mwani kwenye vipimo, kuvihakiki, mafuta ya boti, intaneti. Vikikatwa hivyo, boya hubaki likielea huku likitoa takwimu za uongo, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko kutokuwa nalo. Ombeni kifungu cha matengenezo kwa jina lake, kupitia madiwani na mbunge, mapema. Wizara huwasilisha makadirio bungeni kuanzia Aprili na mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo ombi la Mei limeshachelewa.

Mkemia wa maji, Nyamagana:
Naunga mkono, nikiongeza kwamba jambo hili si la wavuvi peke yao. Mwanza inakunywa maji ya ziwa hili, kupitia mitambo ya Capri Point na Butimba, na baadhi ya mwani wa kijani-bluu unaotanda Ghuba ya Mwanza hutoa sumu ambayo kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa microcystin-LR, mojawapo ya sumu hizo. Ombi lenu liwatake wahusika pia watangaze majibu ya vipimo vya maji mialoni na mitaani, siku ileile vinapochukuliwa.