Mrejesho: timedelta ya Python kuwa saa na dakika

Wakuu, narudi kwenye lile swali langu: kwa nini muda wa saa 26 uliotunzwa kama timedelta (aina ya data ya Python ya kutunza urefu wa muda), nikiuliza .seconds, unanipa 7200, yaani saa 2 tu.

Limekaa sawa. Kama mlivyoeleza, timedelta hutunza muda kwa mafungu: siku, sekunde na maikrosekunde. Hiyo .seconds ni sekunde zilizobaki baada ya siku nzima kuondolewa, ndiyo maana haivuki 86399. Nikiita total_seconds() napata 93600.0, nagawanya kwa 3600, saa 26 hizo hapo.

Ila iliyonikosha zaidi ni ile ya kugawanya muda kwa muda: muda / timedelta(hours=1). Ukitaka dakika, weka minutes=1. Hakuna tena 3600 na 60 zilizotapakaa kwenye msimbo, na anayesoma anaelewa papo hapo. Kwa namba kamili, tumia // badala ya /.

Angalizo kwa atakayekuja nyuma yangu: muda wa saa 1 hasi hutunzwa kama siku -1 na sekunde 82800. Ukiuonyesha hivyo hivyo utamchanganya mtumiaji, kwa hiyo pitisha abs() kwanza (inaondoa uhasi), halafu weka alama ya kutoa mwenyewe.

Asanteni sana, ripoti ya zamu sasa inatoka sahihi.