Siku nzima meli haigusi nchi kavu, mnafanya nini?

MamaZuu: Jamani, mimi na mzee tunapanda meli Galveston, Texas, hadi Cozumel, Mexico, siku nne. Siku ya pili ni maji matupu. Tutatazamana tu? Na mimi hata boti ya Unguja hunitapisha.

BiKidawa: Shoga, siku hiyo ndiyo tamu kuliko zote! Sisi tuliamka saa tatu, hakuna wa kutukimbiza. Chai tuliagiza chumbani, tukanywea kwenye roshani, miguu juu ya reli, wale samaki panzi wakichomoka mbele ya povu. Mchana tukatafuta kivuli mbali na bwawa (bwawani makelele, na viti watu hutandikia taulo alfajiri kisha wakaenda zao). Mume wangu alikuja na karata zake. Tulicheza wahedi wa sitini mpaka magharibi; akafungwa mara nne, akasema upepo ndio uliompeperushia turufu. Alinuna mpaka chakula cha usiku.

Kutapika: omba chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, hapo hapayumbi sana. Tangawizi usiiache.

Mvuvi_Mstaafu: Simu iweke hali ya ndegeni mkishatoka bandarini. Mimi mtandao wa satelaiti wa melini ulinidaka wenyewe, bili ikaja dola 60 kwa picha tatu za machweo.

MamaZuu: Ahsanteni. Mzee kasikia karata tu, keshaanza kupanga begi.