Je, kila mchangiaji wa viungo apewe NAC kabla ya upasuaji?

Mada: Kiungo kikitolewa kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa, hukaa kwenye baridi saa kadhaa bila damu. Damu ikirudi, oksijeni ileile inayokiokoa hukiunguza. Asetilisisteini, yaani NAC, ni antioksidanti (dawa ya kupunguza madhara ya oksijeni kwenye seli) inayofahamika kwa kutibu sumu ya parasetamoli. Iwe kanuni kumpa kila mchangiaji?

Daktari wa usingizi: Naunga mkono. Jaribio la Padova, Italia, lililochapishwa 2013, lilimpa mchangiaji miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito saa moja kabla ya kazi ya kulitoa ini kuanza, kisha miligramu 300 kupitia mshipa mkuu unaoingia kwenye ini, yaani mshipa wa mlangoni, muda mfupi kabla ya kubana aota, mshipa mkubwa utokao moyoni. Mwaka mmoja baadaye, 90% ya maini hayo yalikuwa bado yanafanya kazi. Kwa wasiopewa, 70%. Kwa mchangiaji wa kilo 70 ni miligramu 2,100, sawa na mililita 10.5 za ampuli yenye miligramu 200 kwa mililita. Ichanganywe na dekstrosi 5% na iingie polepole. Ukiikimbiza, histamini humwagika na presha hushuka, na presha ya mchangiaji ikishuka, figo huumia kabla hata kisu hakijashikwa.

Daktari wa figo: Umesema ini, kanuni unaitaka kwa viungo vyote. Hapo sikubali. Ufaransa walijaribu kwa ajili ya figo, matokeo yakatoka 2015: miligramu 600 kabla ya picha ya mishipa ya ubongo, ile ya kuthibitisha kwamba ubongo umekufa, na 600 baada yake. Figo zilizochelewa kuanza kazi hazikupungua. Na jaribio la Padova ni la kituo kimoja, wapokeaji 140 tu. Tofauti kubwa namna hiyo kwenye kundi dogo hunipa shaka kuliko furaha.

Mwendesha mashine ya viungo: Tuangalie moto unawakia wapi. Kwenye baridi bila oksijeni, saksineti, moja ya kuni za seli, hurundikana ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Oksijeni ikirudi ghafla, saksineti yote huchomwa kwa mkupuo, elektroni zinarudi nyuma hadi kompleksi ya kwanza, mwanzo wa mnyororo wa kinu hicho, na superoksidi, oksijeni kali inayounguza seli, inafoka ndani ya dakika za mwanzo. NAC haiizimi superoksidi kwa kasi yoyote ya maana. Kazi yake ni kuipa seli malighafi iitwayo sisteini ili itengeneze glutathioni, antioksidanti ya seli yenyewe, na hilo linataka muda na nishati. Seli iliyo kwenye barafu haina nishati ya kutosha. Ndiyo maana ikitolewa mapema, damu ikiwa bado inazunguka, ini linaweza kufaidika. Ikitolewa kiungo kikiwa ndani ya boksi, umemwaga dawa.

Mfamasia: Niongeze la maji ya kuhifadhia. Yale ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ya miaka ya 1980, yana glutathioni milimoli 3 na alopurinoli, antioksidanti nyingine, milimoli 1 kwa lita. Glutathioni huoksidika ikikaa muda mrefu mfukoni, kwa hiyo mfuko wa zamani unaweza kusomeka sawa kwenye lebo na usiwe na kitu. Kubwa zaidi: maji hayo yana potasiamu nyingi, karibu milimoli 120 kwa lita, na ni lazima ini lisuuzwe kabla ya kufungua damu, la sivyo moyo wa mpokeaji unaweza kusimama. Unaposuuza potasiamu, glutathioni nayo inakwenda, dakika chache kabla haijahitajika!

Mwendesha mashine ya viungo: Ndiyo hoja yangu. Badala ya kufukuza superoksidi, izuie isizaliwe. Lisukumie ini maji baridi yenye oksijeni, nyuzi 8 hadi 12, shinikizo la mshipa wa mlangoni lisizidi milimita 5 za zebaki, kwa saa mbili. Saksineti inaungua taratibu, ATP, yaani nishati ya seli, inarudi. Katika jaribio la Uholanzi na wenzao la 2021, mirija ya nyongo iliyobana na kuleta dalili ilikuwa 6% dhidi ya 18% kwa maini yasiyopita kwenye mashine.

Daktari wa usingizi: Sipingi, ila mashine haiko kila mahali, na ampuli ipo. Tena ninyi wa figo, kipimo chenu cha figo kuchelewa kuanza kazi ni cha siku saba za kwanza tu. Munich, 1994, wapokeaji wa figo walipewa miligramu 200 za superoksidi dismutesi, kimeng'enya kinachozima superoksidi, wakati wa upasuaji: figo hazikuanza kazi mapema zaidi, lakini mwili kuzikataa kwa ghafla kulishuka kutoka 33.3% hadi 18.5%.

Daktari wa figo: Hiyo ni dawa nyingine, na alipewa mpokeaji. Mchangiaji ni suala tofauti: dripu moja inaingia kwenye moyo, mapafu, ini na figo mbili. Wapokeaji watano. Familia imeridhia kutoa viungo, hao watano nani kawauliza?

Mfamasia: Waulizwe siku wanapoandikishwa kwenye orodha ya kusubiri. Usiku wa upasuaji hakuna nafasi ya kumsomea mtu kurasa nne.

Daktari wa figo: Na wanne wakikubali, wa moyo akakataa?