Nina miaka 32, klabu inataka nitundike daluga niwe kocha kama Deschamps. Naombeni ushauri

Mkabaji wa Kati:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni namba sita, timu ya daraja la chini, huu msimu wa nne ni nahodha. Goti la kulia limechoka kabisa, hapa naandika nimelifungia barafu kwenye mfuko wa rambo. Jana viongozi wameniita wakasema niache kucheza nichukue timu, kocha mkuu moja kwa moja. Mfano wanaonipa ni Mfaransa Didier Deschamps, kwamba naye alikuwa kiungo mkabaji na nahodha, akaacha 2001 akiwa na 32 kama mimi na mwaka huohuo akapewa kuifundisha Monaco, klabu ya ligi ya Ufaransa. Shida yangu hawa vijana ni wenzangu, tunakula sahani moja, kesho nianze kumwambia mtu leo haupo kikosini? Na moyo bado unataka kucheza. Ijumaa wanataka jibu.

Mzee wa Libero:
Pole na goti kijana wangu. Hao viongozi wamekusimulia nusu. Msimu wa kwanza wa Deschamps, Monaco ilimaliza ya 15, na hiyo ni timu iliyochukua ubingwa wa Ufaransa 2000. Walimvumilia, msimu uliofuata akawa wa pili, 2004 akawatoa Real Madrid na Chelsea mpaka fainali ya Ulaya, Porto wakampiga 3-0. Sasa waulize wako, nikimaliza wa 15 mtaniacha niendelee? Wakianza kutazamana ujue.

Dada Jukwaani:
Mi nabisha kidogo. Claude Makélélé wa Ufaransa, mzaliwa wa Kinshasa, namba sita ya kiwango kile, alipewa klabu ya Bastia kule Ufaransa 2014 na Novemba hiyohiyo akaondolewa. Zidane yeye alianza kuwa msaidizi wa Ancelotti pale Madrid, akashushwa timu B akajifunza, ndo Januari 2016 akakabidhiwa wakubwa na akabeba Ulaya mara tatu mfululizo. Kaka omba kuwa kocha msaidizi hata msimu mmoja, na kozi usome.

Kiungo wa Zamani:
Kuhusu wenzako mkuu, angalia Juventus 2006. Timu imeshushwa Serie B, daraja la pili la Italia, imekatwa pointi, anaenda Deschamps, na mle ndani yupo Del Piero ambaye walicheza wote palepale miaka mitano. Akamfundisha na timu ikapanda. Aliweza kwa sababu tangu anacheza alikuwa anawapanga watu, 1993 ana miaka 24 tu ndo nahodha wa Marseille inayoifunga Milan fainali ya Ulaya, 1998 nahodha wa Kombe la Dunia, 2000 Euro. Cantona alimwita mbeba maji kwa kumdharau lakini 2018 huyohuyo kabeba tena Dunia kama kocha. Jiulize, mkiwa mmefungwa, vijana wanamwangalia nani, kocha au wewe? Kama ni wewe basi hiyo kazi umeshaianza zamani.

Mkabaji wa Kati:
Aisee hilo swali limenikaa kooni. Wananiangalia mimi, hata mechi ya juzi dakika ya 80 beki wetu wa kushoto alinikimbilia kuuliza apande au abaki, benchi hata hakugeuka. Ngoja niseme nilichoamua, naomba niwe kocha msaidizi msimu huu na jina langu libaki kwenye usajili, kitambaa nampa yule dogo anayecheza pembeni yangu. Ukocha mkuu tuongee msimu ujao, kwa maandishi.

Mzee wa Libero:
Hapo sawa. Na goti nenda kalipige picha kabla ya Ijumaa, sio baada.