Malaika: wa aliyeutunga au wa aliyeurekodi?

Mwana wa Makole
Wadau, Jumamosi nilikuwa kwenye harusi ya mpwa wangu hapa Dodoma. Maharusi wanaingia ukumbini, MC anatangaza: "Malaika, wimbo wake Miriam Makeba!" Makofi. Mimi chakula kikanishinda. Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, namheshimu, na albamu aliyoimba na Mmarekani Harry Belafonte mwaka 1965, Malaika ikiwemo, ilipata tuzo ya Grammy. Lakini Fadhili William wa Kenya alishaurekodi Nairobi na bendi ya Black Shadows mwaka 1963, studio za Equator. Na yupo Mtanzania, Adam Salim, mzaliwa wa 1916, aliyedai kwamba aliutunga yeye miaka ya 1940 akiwa Nairobi, baada ya wazazi wa mchumba wake kumwoza binti kwa mwenye fedha. Sasa jina litajwe la nani? Mimi nasema la mtunzi. Na uchungu wa yale maneno ya wimbo, "mali sina", msinieleze, kijana wa Kigogo anayehangaikia ng'ombe wa mahari anaujua kuliko wote.

Binti Mpwapwa
Ulianza vizuri ukaharibu mwishoni. Kwa nini kila mjadala lazima ng'ombe wa Mgogo waswagwe katikati? Mahari kwetu si bei ya binti. Ng'ombe wanachangwa na ndugu wa kijana, wa upande wa baba na wa upande wa mama, na wakifika kwa binti wanagawanywa kwa ndugu zake pande zote mbili. Kijana wa Kigogo halii "mali sina". Akilia, analia "ndugu sina". Waliomzaa mwanamuziki Hukwe Zawose na zeze lake hawahitaji kufundishwa mapenzi ukumbini.

Kijana wa Area D
Jamani si wimbo wa kundi la Boney M huu? Baba alikuwa na kanda yao.

Fundi Redio Majengo
Mdogo wangu, Boney M ni 1981, huko Ujerumani. Kabla yao hata Waswidi waliurekodi, kundi la Hep Stars, mwaka 1967, na mpiga kinanda wao Benny Andersson ndiye huyohuyo wa kundi la ABBA baadaye. Wimbo ulishazunguka dunia baba yako hajanunua hiyo kanda.

Kijana wa Area D
Baba yangu muache. Nimeuliza kwa heshima.

Fundi Redio Majengo
Samahani kijana. Sikumlenga mzee.

Mwalimu Kondoa
Mimi kinachoniumiza ni kingine. Lile neno la wimbo, "ningekuoa", akiimba mwanamke ni kosa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Wanafunzi wangu wananiletea hilo kwenye insha, nikiwakosoa wananiambia Makeba kaimba. Kiswahili kimetoka nje ya nchi kikarudi kimevunjika mguu!

Binti Mpwapwa
Mwalimu, 1965 waliimba wawili, Makeba na Belafonte. Mwanamume alikuwepo. Na hata akiimba mwanamke peke yake, anaimba maneno ya kijana aliyekwama, hasimulii maisha yake. Mama yangu alikuwa akiuimba akipepeta mtama na hakuna aliyemuuliza anamuoa nani.

Mwalimu Kondoa
Nakubali hoja ya sauti mbili. Ya kupepeta siikubali. Lugha haisamehewi kwa sababu kazi ilikuwa nzito.

Binti Mpwapwa
Mama yangu umemuingiza wewe sasa.

Mwalimu Kondoa
Umemleta wewe dada yangu. Lakini kama nimekuudhi, niwie radhi.

Mkazi wa Chinangali
Tumalize la mahari. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, ndoa ni halali hata mahari isipolipwa. Huyo kijana wa kwenye wimbo angezaliwa baadaye kidogo angeoa tu.

Binti Mpwapwa
Nenda kaisome sheria hiyo mbele ya wajomba wa binti, halafu uje utuambie ulikaribishwa kiti gani.

Mkazi wa Chinangali
Nilienda. Mwaka wa tatu huu bado namalizia mbuzi wawili. Ndiyo maana nazungumza.

Mwana wa Makole
Wadau, rudini. Nisiposema hili sitalala. Wapo wanaosema Fadhili alirekodi, basi ni wake. Lakini hiyo miaka ya 1940 anayoitaja Adam Salim, mtu mweusi asiye na fedha angerekodi wapi? Hata redio ya Dar es Salaam haikuwepo, ilianza 1951. Mtu hawezi kunyang'anywa wimbo kwa kosa la kutokuwa karibu na mashine.

Fundi Redio Majengo
Hapo umenigusa, lakini ukifungua mlango huo hawaingii wawili tu. Wapo wanaomtaja Grant Charo, wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Kila mmoja ana watu wake wanaoapa. Fadhili alishikilia kwamba ni wake mpaka alipofariki 2001, na mirabaha hufuata jina lililoandikwa kwenye karatasi. Mimi nimetengeneza redio miaka mingi. Sauti iliyonifikia ni ya Fadhili, na gitaa lile ndilo lililonifanya nipende kazi hii. Siwezi kumvua mtu ambaye sauti yake naijua nimvike ambaye sijawahi kumsikia.

Mwana wa Makole
Hujamsikia kwa sababu hakurekodiwa, kaka. Ndicho ninachosema tangu asubuhi.

Kijana wa Area D
Samahani, huo wa 1963 una tofauti gani na wa Boney M? Sijawahi kuusikia.

Fundi Redio Majengo
Mpole zaidi. Hauna haraka, kama mtu anayeongea na binti nje ya nyumba ya wazazi wake, anaogopa kusikika. Ninao kwenye santuri ndogo. Sindano nimebadilisha juzi.

Binti Mpwapwa
Kibanda chako kiko wapi?

Fundi Redio Majengo
Soko la Majengo, ukipita wauza mitumba. Kijana, njoo na mzee wako. Nataka nimsalimie.

Mwalimu Kondoa
Na mimi nitapita Ijumaa nikishuka kutoka Kondoa. Mwana wa Makole, njoo na huyo MC.