Wazazi wa shule za umma Mombasa, mpaka lini tangazo litufikie lango likishatiwa kufuli?

Ndugu zangu wa Kisauni, Nyali, Mvita, Likoni, Changamwe na Jomvu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjaniambia nipunguze ukali.

Shule ya wanangu ilikuwa imetuambia watoto watafunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula siku ya Alhamisi saa sita. Usiku wa Jumatano, saa tano kasoro, kukaingia ujumbe kwenye grupu la WhatsApp: kesho watoto wasije kabisa, walimu wana mkutano. Hakuna sahihi, hakuna muhuri, hakuna aliyejitaja. Wenye kulala mapema wameshalala. Wenye zamu bandarini wako kazini.

Mtaani kwetu kuna msichana wa Gredi ya Pili anayelelewa na nyanyake. Nyanya huamka alfajiri kukaanga mahamri, na mtoto huvaa sare akaenda shule na wenzake wa jirani. Siku hiyo wenzake hawakutoka kwa sababu mama zao wana simu za kisasa. Akaenda peke yake, akavuka barabara kubwa yenye matatu na tuktuk peke yake, akakuta kufuli. Soja wa langoni ndiye aliyemvusha kurudi. Nyanyake ana mulika mwizi, na pesa za kununua simu nyingine hana. Sasa niambieni, tangazo lile lilitolewa kwa ajili ya nani?

Nilipomuuliza mwakilishi wa darasa, aliniambia tangazo lilikuwa kwenye grupu. Basi, maneno yameisha. Na grupu lenyewe limefungwa, maadmini peke yao ndio wanaoandika. Ukiwa na swali umfuate mtu faraghani, naye akujibu akipenda. Mzazi mmoja aliyeuliza kuhusu risiti kabla grupu halijafungwa alitolewa siku hiyo hiyo, na tangu hapo hapati habari yoyote ya shule ambayo mtoto wake anasoma. Ametolewa kwenye mawasiliano ya shule ya serikali kwa kuuliza pesa zake zimekwenda wapi! Shule siitaji jina, watoto bado wamo ndani, na nikizungumza na wenzangu wa Likoni na Changamwe wananisimulia yale yale.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tangazo la kudai pesa halichelewi hata siku moja. Pesa za mitihani, pesa za masomo ya ziada, pesa za uji, pesa za kumlipa mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule: hizo zinakuja mapema, zinarudiwa Jumatatu na Ijumaa, tena hata sisi wa simu ndogo tunatumiwa meseji ya kawaida. Kumbe nambari zetu wanazo! Tuliziandika kwenye fomu siku ya kumsajili mtoto. Kama meseji inaweza kunifikia ya kuniambia nitume pesa, ingeweza kumfikia yule nyanya ya kumwambia mtoto asitoke nyumbani.

Na kuna matangazo ambayo mimi sijawahi kuyaona, na nina watoto wawili katika shule hiyo. Serikali imeweka mgao wa Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba mpaka ya Tisa. Zimeingia lini muhula huu? Zimeingia zote au nusu? Zimenunua nini? Kama zimechelewa, tuambiwe zimechelewa, tutaelewa, hata sisi mishahara yetu huchelewa. Lakini kimya. Tunaambiwa tu shule haina chaki na kila mzazi atoe kitu.

Someni kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Shule ya umma hairuhusiwi kutoza karo ya masomo. Michango mingine inaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na Halmashauri ya Elimu ya Kaunti, na hata hapo mtoto hafukuzwi kwa kushindwa kulipa, na hakuna ruhusa ya kukusanya pesa bila kutoa risiti rasmi. Sisi tunaambiwa tutume kwenye nambari ya simu ya mtu. Ya mtu, si ya shule! Risiti ni ule ujumbe wa M-Pesa. Ukiuliza idhini iko wapi, unaonekana mchochezi.

Bodi nayo. Sheria hiyo hiyo inasema wazazi wana wawakilishi sita waliochaguliwa katika bodi ya usimamizi wa shule. Wetu walichaguliwa lini? Mkutano ulitangazwa wapi? Nimeuliza wazazi wa madarasa manne tofauti, hakuna aliyeitwa.

Tangazo likija, linakuja kwa Kiingereza. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, nusu giza, nusu kidole cha aliyeipiga, imejaa Kiingereza cha ofisini. Hapa ni Mombasa. Kiswahili tunakiongea sokoni Kongowea, tunakiongea kwenye feri, walimu wenyewe wanatukemea kwacho. Katiba yetu kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Sasa kwa nini mama aliyelea watoto watano aanze kuzunguka mtaani akitafuta kijana wa kumsomea habari za mtoto wake mwenyewe? Mwalimu anayefundisha Kiswahili darasani hashindwi kuandika mistari minne ya tangazo.

Mtasema ni shule moja tu yenye uzembe. Hapana, tabia hii inaanzia juu. Mnakumbuka Aprili 2024, wakati wa mafuriko? Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 29. Wizara ya Elimu ikatoa taarifa ya kuahirisha kwa wiki moja usiku wa kuamkia siku hiyo hiyo ya kufungua. Mvua haikuanza usiku ule, ilikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa na watu walikuwa wameshakufa. Kulikuwa na watoto wa bweni ambao tayari wameshapanda mabasi. Kisha tarehe 3 Mei ikaahirishwa tena, safari hii bila siku kutajwa, mpaka zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Sipingi kuahirisha, maisha ya mtoto kwanza. Napinga mzazi kufanywa mtu wa mwisho kujua. Na mwalimu mkuu akiona Wizara inatoa taarifa usiku wa manane, naye ataona ni kawaida.

Halafu hili la Gredi ya Tisa, mimi hata sasa linanichoma. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi (CBC) lilifanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, mwaka 2025 likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Watoto walitakiwa kuchagua mkondo kati ya mitatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na kuchagua shule. Huo ni uamuzi wa kumpeleka mtoto kwenye udaktari au kumtoa huko. Dada yangu alielezwa hayo yote na kijana wa saiba, tena kwa kulipia. Shuleni mwanawe aliambiwa tu "waambie wazazi wakusaidie kuchagua". Wamsaidie vipi na hawajaitwa hata kikao kimoja? Wazazi wa shule za kulipia waliitwa, wakaonyeshwa, wakauliza maswali. Wetu wakabahatisha, na ukibahatisha mkondo, kuubadilisha baadaye ni kazi ya kupiga magoti ofisi hadi ofisi.

Najua mwalimu mkuu naye ana yake. Waraka unamfikia umechelewa, karani hana, watoto ni mamia, na simu anayotumia ni yake na bando ni lake. Hilo nalikubali na sitaki uzi huu ugeuke wa kuwatukana walimu. Lakini kubandika karatasi langoni kunahitaji bando gani? Mtu akifariki Majengo alfajiri, kabla ya adhuhuri Likoni nzima imeshajua anazikwa wapi na saa ngapi. Tuna misikiti, tuna makanisa, tuna baraza la chifu na mabalozi wa nyumba kumi, tuna Pwani FM, Radio Rahma na Baraka FM zinazosikika mpaka jikoni. Njia zipo tele. Kinachokosekana ni kutuona sisi wazazi kama watu wanaostahili kuambiwa.

Ninachotaka kinajulikana na si kikubwa. Kila tangazo la shule ya umma liandikwe kwa Kiswahili, liwe na tarehe, sahihi na muhuri, libandikwe langoni, na siku zikibadilika meseji ya kawaida itumwe kwa kila nambari iliyo kwenye daftari la shule, kabla ya magharibi na si usiku. Grupu la WhatsApp libaki, ila lisiwe ndilo ubao wa shule. Na hesabu ya mgao wa serikali ibandikwe pale pale langoni kila muhula, kila mpita njia aione.

NYONGEZA: Naona mmeanza kumtupia lawama gavana. Tuelewane. Serikali ya kaunti inahusika na chekechea na vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya Wizara, kwa hiyo malalamiko yanapelekwa kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo yako, kisha Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Mkipeleka kwa gavana mtazungushwa mpaka mchoke.

Na wewe uliyeandika kwamba wazazi wanunue simu, mwambie hivyo yule nyanya wa mahamri ana kwa ana. Elimu ya msingi ya bure na ya lazima ni haki ya mtoto katika kifungu cha 53 cha Katiba, na sijaona pahali palipoandikwa "mradi mzazi wake awe na simu ya kupangusa".

Aliyeuliza tufanye nini: kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Unaandika barua, kwa Kiswahili ukitaka, unapeleka nakala mbili, moja inagongwa muhuri wa kupokelewa na unarudi nayo. Wasipojibu, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Mimi barua yangu imeshaandikwa. Inauliza mgao wa mihula mitatu iliyopita, idhini ya kila mchango tuliotozwa, na tarehe ambayo wale wawakilishi sita walichaguliwa.

Barua ya mtu mmoja inatupwa kwenye droo. Kama una mtoto shule ya umma popote Mombasa na yamekukuta haya, andika hapa chini kaunti ndogo yako na kilichotokea. Jina la mtoto usiandike, wala la mwalimu. Ukiwa na picha ya tangazo lililokuja usiku, iweke, ila funika majina na nambari za simu. Nitaziambatisha zote kwenye barua na kuipeleka Jumatatu asubuhi. Wa Mvita na Kisauni wanaoweza kuja tuingie ofisini pamoja, tupange hapa hapa.